Kumnyoa Kaniki

Saa saba, Chipanga, mwezi wa kumi na moja.
Mabati yanalia tiki, tiki, kama sufuria kavu jikoni.
Kaniki amekataa pumba.
Amekataa majani ya mlenda, amekataa hata chumvi
aliyokuwa akiilamba mpaka ukingo wa bakuli unang'aa.
Amesimama kwenye kivuli chembamba cha choo,
nusu ya mgongo iko juani,
na pacha wake wanamgonga kiwele kwa vichwa
kama wadai wa mwisho wa mwezi.

"Ana minyoo," alisema shemeji.
"Ametupiwa jicho," alisema jirani.
Bwana mifugo Chidosa aliegesha pikipiki,
akampima joto, akasoma mara mbili,
akafuta kipimajoto kwenye suruali.
"Haumwi. Anapika."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Maziwa hayachotwi, dada, yanapikwa.
Kila kikombe kina kuni zake humo mwilini,
na kuni zikiwaka joto lazima litoke.
Sasa litokee wapi, na nje kwenyewe kunaungua?
Mpishi mwenye akili, nyumba ikijaa moto,
hupunguza kuni.
Chakula anacho. Asichokuwa nacho ni dirisha."

Jioni nikachukua mkasi wa kukatia vitambaa.
Manyoya meusi yakaanguka, ya tumbo, ya mbavu, ya shingo,
mpaka akabaki wa kijivu, mwenye aibu,
na watoto wa jirani wakaja kumtazama
mbuzi aliyefiwa.
Nikamhamishia kwenye tembe la zamani,
ambalo udongo wa paa lake haujui kulia tiki tiki,
nikampa pumba usiku, jua likiwa limeshalala.
Siku ya nne: kikombe, na nusu ya kikombe.
Kikombe chenyewe kina tundu, kinavuja,
kwa hiyo sema nusu na ushee.

Nami nina Nyemo, miezi mitatu.
Jasho lake na langu halijulikani lipi la nani.
Saa saba mama mkwe ananisukumia uji wa uwele,
mafuta ya karanga yanaelea juu yake.
"Kunywa, mtoto anakumaliza."
Vijiko viwili, koo linafunga.
Najua anachosema akifika kisimani:
mke wa mwanangu anaringa.

Mwaka ule mvua ilipogoma mpaka Januari,
mama yangu Matika aliniachisha ziwa
kabla sijajua kukaa.
Wanawake wakasema, na hadi leo wanasema,
Matika alikuwa na debe zima la uwele ndani,
hakula, kwa kiburi, akajikausha mwenyewe.
Nilikua na maneno hayo chini ya ulimi.
Siku moja tu niliyatema, mbele ya wageni.
Hakujibu. Alikaza kitenge kiunoni
akaenda kuwaongezea chai.

Vitenge viwili, nasikia, na blanketi,
siku arobaini, na nyingine juu yake,
ndani ya nyumba mpya ya bati
aliyojengewa kwa heshima,
ya kwanza kijijini kung'aa kutoka barabarani.
Nani angemfungulia dirisha?

Usiku huu nimelala kwenye sakafu ya udongo,
kanga moja, imelowa, Nyemo pembeni yangu na siyo juu.
Saa tatu nimekula ugali, tonge baada ya tonge,
mpaka nikakwangua ukoko.
Ng'ambo ya ukuta Kaniki anacheua, nasikia meno yake.

Nimempigia mama. Sikujua pa kuanzia.
Nikamwambia, nimemnyoa mbuzi.
Kimya, mpaka nikadhani salio limeisha.
Kisha akauliza, taratibu,
"Anakula?"